Usiulize Mnunuzi Ametoka Wapi, Uliza Nyumba Ina Cheti



Ijumaa iliyopita baada ya swala, vijana walikuwa wamesimama nje ya msikiti hapa Nakuru wakipokezana simu moja. Ndani ya simu kulikuwa na video ya mtaa mpya upande wa Naivasha: nyumba za ghorofa moja, geti la umeme, nyasi kama zulia, na mgeni anakabidhiwa ufunguo huku anapigwa picha. Maneno yalikuwa moto. "Nchi inauzwa hii." "Mgeni anapewa karatasi siku moja, sisi tunazungushwa mwaka mzima." Kijana mmoja akanigeukia: "Wewe si ndiye mtu wa haki? Andika kitu kuhusu hawa wageni."

Haya, nimeandika. Lakini huenda usipende ninachosema, kwa sababu nadhani hasira yetu ni ya haki ila tumeielekeza pasipo.

Tuanze na sheria, maana wengi tunabishana bila kuijua. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asiye raia wa Kenya anaweza kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, na muda wake hauzidi miaka 99. Hata mkiandikiana mkataba wa miaka 500, sheria itausoma kama wa miaka 99. Kampuni nayo haihesabiwi kuwa raia mpaka iwe inamilikiwa na raia peke yao. Na ardhi ya kilimo, ambayo ndiyo nyingi huku kwetu Bonde la Ufa, mgeni haruhusiwi kuinunua bila msamaha maalum wa Rais. Kwa hiyo yule wa kwenye video hajanunua nchi. Amenunua haki ya kukaa katika nyumba kwa muda uliowekwa.

Kipengele hicho hakikutoka hewani. Kilitoka kwa uchungu wa huku huku. Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999 katika nyanda za juu. Piga hesabu: mkataba wa mwaka huo ungeisha 2914. Babu zetu, wawe Wakikuyu, Wakalenjin, Wanubi au Wasomali, waliruhusiwa kuishi mjini Nakuru kama vibarua na wapangaji, si kama wenye mji. Katiba ya 2010 ndiyo iliyokata mikataba ya namna hiyo iliyokuwa mikononi mwa wasio raia na kuirudisha kwenye miaka 99. Ukiona kijana anakasirika akisikia "mgeni" na "ardhi" katika sentensi moja, usimcheke. Ana sababu.

Lakini jiulize pia, mgeni ni nani? Nakuru ina familia za Sudan Kusini zilizohamia kusomesha watoto. Ina Wasomali, Waganda, Wahindi wa vizazi vinne ambao ni Wakenya kuliko wewe na mimi. Halafu kuna ndugu yetu aliyezaliwa Kaloleni, akaenda Marekani, akachukua uraia wa huko kabla ya 2010. Katiba ya zamani ilimvua uraia. Katiba mpya inampa haki ya kuurudisha akiomba, lakini kama hajaomba, kisheria yeye naye ni mgeni anapokuja kununua nyumba mtaa aliozaliwa. Na sisi Waislamu wa nchi hii, tuliozoea kuulizwa cheti cha babu tukienda kuchukua kitambulisho, ndio watu wa mwisho wa kumwambia mtu "wewe si wa hapa."

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe.

Nyumba mpya ikimalizika, kujengwa kwake hakutoshi. Kabla mtu hajaingiza godoro, serikali ya kaunti inatakiwa kuikagua na kutoa cheti kinachosema jengo hili linafaa kukaliwa. Mimi nitakiita cheti cha kukaliwa. Kukipata maana yake wakaguzi wameona kwamba jengo limefuata ramani iliyopitishwa, nguzo ziko sawa, maji taka yana pa kwenda, umeme umefungwa vizuri, na moto ukitokea watu wana pa kutokea. Usikichanganye na hatimiliki, ambayo inasema ardhi ni ya nani. Usikichanganye na ile leseni ya muda ya kukalia kiwanja cha serikali, ambayo wenye vibanda wanaijua vizuri, maana hiyo inaweza kusimamishwa kwa notisi tu. Na usikichanganye na kibali cha Uhamiaji. Zanzibar, mgeni akinunua katika mradi ulioidhinishwa anaweza kuombea hapo kibali cha kuishi nchini. Kenya kununua nyumba peke yake hakukupi kibali cha kuishi. Hivyo ni vitu viwili, na maombi ni mawili.

Nataka nikusimulie niliyoyaona mwenyewe. Sitataja mtaa wala kampuni.

Mwaka uliopita mzee mmoja kutoka Sudan Kusini aliniomba nimsindikize kununua nyumba nje kidogo ya mji. Kiswahili chake ni cha shida, akataka mtu wa kumtafsiria. Tukakaa na muuzaji. Muuzaji mkarimu, chai ya maziwa, mandazi, "mzee, ukilipa leo ufunguo huu hapa." Mzee akamwita wakili wake kwenye simu. Wakili akauliza swali moja tu: cheti cha kukaliwa kiko wapi? Muuzaji akasema kinakuja, kaunti wamechelewa, ni mambo ya ofisi. Wakili akasema vizuri, basi asilimia ishirini ya mwisho itabaki kwangu mpaka kije. Muuzaji akakunja uso, akakubali. Na wallahi, baada ya wiki chache shimo la maji taka la nyumba ile lilichimbwa upya, ukuta mmoja ukarekebishwa, wakaguzi wakaja, cheti kikatoka. Yule mzee akahamia na wajukuu wake.

Katika mtaa huo huo, safu ya nyuma, ndugu yetu wa hapa hapa Nakuru alikuwa ameshanunua. Tunaswali naye. Alilipa pole pole kwa miaka mitatu, pesa nyingine zikitoka kwa dada yake anayefanya kazi ya nyumbani kule Ghuba. Hakuuliza cheti. Aliniambia, "Muuzaji ni Muislamu mwenzetu, nitaanzaje kumuuliza karatasi?" Mvua ya kwanza, maji machafu yakarudi ndani kupitia choo. Mvua ya pili, ufa ukapanda ukutani kutoka chini hadi dirishani. Alipokwenda kulalamika akaambiwa alishapokea ufunguo. Kisha siku moja wakaja watu wa kaunti na rangi nyekundu wakachora X ukutani, kwa sababu safu ile haikuwa na idhini ya kukaliwa. Mkewe alikuwa jikoni. Watoto walidhani ni mchezo.

Mgeni alipata nyumba salama. Mwenyeji alipata X. Na hakuna aliyempendelea mgeni. Mgeni aliuliza.

Hapa ndipo ninapotaka tuwe wakweli. Kwa nini sisi hatuulizi? Aibu ni sababu moja, lakini kuna nyingine ambayo sijasikia ikizungumzwa mimbarini. Wengi wetu hatuchukui mkopo wa benki kwa sababu ya riba, na Alhamdulillahi, huo ni uamuzi mzuri. Lakini fikiria benki hufanya nini kabla haijatoa mkopo wa nyumba. Inatuma mthamini, inatuma wakili, inachunguza hatimiliki, inadai vibali vyote. Haifanyi hivyo kwa kukupenda. Inalinda pesa zake. Ila katika kujilinda yenyewe inakulinda na wewe. Sisi tunaolipa taslimu au kwa awamu moja kwa moja kwa mwenye mradi tumekimbia riba, lakini hatukuweka mkaguzi mwingine mahali pa ule wa benki. Tunabaki na dalali, chai na neno la mtu.

Benki za Kiislamu ziko nchini tangu 2008, na anayeweza kununua kupitia huko anapata ukaguzi huo bila riba. Lakini kijana wa Bondeni au Rhonda anayeokoteza elfu tano kwa mwezi hafikiwi na huduma hiyo. Huyo ndiye anayehitaji kuambiwa: kama hutaki benki ikukagulie, kagua mwenyewe.

Na dini haikukwambia unyamaze. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana na kuweka mashahidi katika miamala. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka lililokuwa kavu juu, akakuta unyevu chini. Hakumwambia mnunuzi avumilie. Alimkemea muuzaji kwa kuficha. Nyumba yenye rangi nzuri mbele na shimo la maji taka lisilofaa nyuma ni lile lile rundo. Kudai cheti ni kuingiza mkono ndani ya rundo. Ni sunna, si utovu wa adabu.

Utaniambia, "Ni karatasi tu, ndugu." Basi kumbuka nasi.

Tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, kaunti yetu hii hii, ukingo wa bwawa katika shamba la mtu binafsi ulipasuka usiku. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao vibarua na watoto wao waliolala bondeni. Baada ya msiba ndipo mamlaka ya maji ikasema bwawa halikuwa na kibali. Baada ya msiba! Miaka miwili kabla yake, Aprili 2016, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, likaua karibu watu 50. Lilikuwa limeshaorodheshwa kubomolewa, na watu bado walikuwa wanalipa kodi ya kila mwezi. Na Naivasha, Kihoto, ziwa lilipanda 2020 na likapanda tena 2025 likameza nyumba, maelfu wakahama kwa mashua. Wapo waliokuwa na karatasi za umiliki mkononi. Hatimiliki haikuzuia maji. Ilisema ploti ni yako, haikusema ploti inafaa kujengwa.

Angalia na mji wetu ulivyokaa. Menengai juu, ziwa chini, katikati udongo wa volkeno wenye nyufa zinazofunguka mvua ikizidi. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, kila anayepata ploti anataka ghorofa. Mahali kama hapa, ukaguzi wa nyumba kabla haijakaliwa ni suala la uhai.

Najua majibu mawili yatakayokuja kwenye maoni, basi niyajibu mapema.

La kwanza: "Cheti chenyewe kinanunuliwa." Inawezekana. Rushwa ipo, tusijidanganye. Lakini cheti kina jina la aliyetia sahihi, na tarehe. Jengo likianguka, kuna mtu wa kuulizwa. Pasipo cheti hakuna wa kuulizwa, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Mwenye kutaka rushwa iendelee angependa sana tuseme "karatasi hazina maana" na twende zetu.

La pili ni zito zaidi, na nililisikia kwa mama mmoja Kaptembwo. Aliniambia, "Wewe unataka wakague, wakikagua wanatufukuza sisi." Ana haki. Nyumba nyingi za kupanga mitaa ile hazingepita ukaguzi hata mmoja, na X ikichorwa anayelala nje ni mpangaji, si mwenye nyumba. Kwa hiyo dai letu lisiwe "kaunti bomoeni." Dai letu ni kwamba ukaguzi ufanyike kabla watu hawajaingizwa, wakati jengo bado tupu na pesa bado ziko mfukoni mwa mnunuzi. Na kwa nyumba ambazo zina watu tayari, Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka serikali itende kwa haki: taarifa ya maandishi, sababu, nafasi ya kusikilizwa. Kifungu cha 43 kinatupa haki ya makao yanayofaa. Rangi nyekundu peke yake si taarifa. Mwenye nyumba apewe muda wa kurekebisha kwa gharama yake, na mpangaji asibebeshwe kosa ambalo si lake.

Na tuseme hili bila kumumunya maneno: baadhi ya wenye nyumba hizo ni sisi. Wanakaa safu ya kwanza msikitini. Wanatoa mchango mkubwa wa iftari. Halafu wamejaza familia kumi na sita katika jengo lenye ngazi moja na choo viwili, bila mkaguzi kuingia hata siku moja. Hatuwezi kusimama hapa kudai haki za Waislamu kutoka kwa serikali huku Muislamu anamlaza mwenzake chini ya ufa. Suratul Mutaffifin inawaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine. Kodi unaipokea kamili tarehe moja, na usalama je?

Kwa hiyo, ndugu yangu, dadangu, kabla hujalipa hata shilingi ya kushikilia nyumba, fanya haya.

1. Dai kuona idhini ya ujenzi kutoka kaunti. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kujenga bila idhini ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo, au vyote viwili. Mwenye idhini hana sababu ya kuificha.

2. Uliza kama mradi umesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na utazame bango pale kwenye mjengo. Mjengo usio na bango, jiulize mara mbili.

3. Kama ni fleti, uliza utapata hati yako binafsi chini ya Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, au utaachwa na risiti na hisa za kampuni usiyoijua.

4. Andikianeni kwamba sehemu ya mwisho ya pesa itakaa kwa wakili mpaka cheti cha kukaliwa kitoke. Huna pesa ya wakili? Wanunuzi kumi wa mtaa mmoja mkichanga, mnampata mmoja. Tunachangia harusi, tutashindwa na hili?

5. Mpangaji, nawe uliza. Huenda usipewe. Lakini mwenye nyumba akiulizwa na watu ishirini, wa ishirini na moja atakuta amebandika ukutani.

Muuzaji akikwambia "kinakuja," mwambie "na pesa inakuja."

Upande wa kaunti, dai letu ni moja na ni rahisi: orodha ya majengo yote yaliyopewa cheti cha kukaliwa, mtaa kwa mtaa, iwekwe wazi kila mtu aione. Siri ya nini? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Ikikaa kimya, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ni ya ukurasa mmoja. Haihitaji wakili. Andika kuhusu jengo unalolala wewe, au unalotaka kununua. Ukiletewa jibu, au ukinyimwa, tuambie hapa. Ficha majina ya watu, acha tarehe na jina la mtaa. Barua moja inatupwa. Barua mia mbili zinawekwa kwenye faili.

Turudi kwa yule kijana wa Ijumaa. Alisema mgeni anapewa karatasi siku moja na sisi tunazungushwa. Kama hilo ni kweli katika ofisi yoyote, ni ubaguzi, na Kifungu cha 27 kinaukataza, na tutaupiga vita. Lakini hatutaujua mpaka orodha iwe wazi tuone nani alipewa lini. Na hatuwezi kulalamika tumenyimwa kitu ambacho hatukukiomba.

Ndugu yetu wa safu ya nyuma bado anaishi na ile X. Ameipaka chokaa, lakini jua likipiga inaonekana. Juzi alinipigia simu. Hakuuliza habari za wageni. Aliniuliza, "Ile barua ya siku 21 inaandikwaje?" Tukaiandika pamoja baada ya Isha, kwenye daftari la mtoto, kisha akaenda kuipiga chapa.

Inshaallah Jumatatu ataipeleka. Mwenye barua yake aungane naye.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum.